Kaseti za Chiriku

Fundi cherehani hakuwahi kukanyaga kwenye karakana ya mdogo wake, na sababu haikuwa umbali. Ni kiburi tu, tuseme ukweli. Tangu mdogo wake huyo alipoacha kazi nzuri ya kupaka rangi magari, akaanza kubandika vifuniko vya chupa kwenye magunia na kudai anatengeneza picha za mashairi, dada mtu alitangaza mbele ya ukoo mzima kwamba siku atakapotia mguu huko, wamfunge kamba wampeleke kwa daktari wa vichaa. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mdogo wake akacheka nao, na jina la Gundi likaanzia hapo. Hakukasirika. Gundi hakuwa mtu wa kukasirika, na nadhani hilo ndilo lililomkera dada yake kuliko vifuniko vya chupa.

Lakini siku hiyo alikwenda. Alifunga kibanda chake asubuhi, nguo za watu akaziacha zinaning'inia bila vifungo, wenye nguo watajijua, akabeba mfuko wenye redio ya kaseti na betri mpya, akashika njia. Alikuwa anafuata sauti ya mwanawe.

Mwanawe alikuwa binti mmoja tu, waliyemwita Chiriku kwa sababu tangu alipojua kusema hakunyamaza. Alisema akila, alisema akioga, alisema usingizini. Alipokua kidogo yale maneno yakageuka mashairi, madaftari yakajaa nyumbani hadi chini ya vitanda. Kisha ugonjwa ukaja, na ukaanzia mikononi, utadhani ulichagua. Kwanza kalamu ikawa inamponyoka, baadaye kijiko, mwisho hata kifungo cha blauzi kikamshinda, na mama yake, fundi aliyefunga vifungo vya mji mzima, akawa anamfunga mwanawe vifungo huku akitazama pembeni ili machozi yasionekane. Madaftari yale ya zamani Chiriku aliamuru yachomwe. Alisema ni mambo ya kitoto, mashairi ya kweli bado yako kichwani. Jamani, msichana yule alikuwa na maringo!

Gundi ndiye aliyemletea redio yenye kitufe cha kurekodi, akaiweka kando ya kitanda. "Ukishindwa kuandika, sema," akamwambia. "Kusema ndiko kutakakokushinda wewe?" Na Chiriku akaanza kusema. Alibonyeza kitufe kwa kiwiko, akaomba afungiwe mlango, akasema peke yake hadi sauti ikamkauka. Mama akigonga aliambiwa asubiri.

"Utasikia nikimaliza, mama. Sasa hivi yana mapengo."

Hakumaliza. Kaseti zikabaki kwenye boksi la viatu, na mama yake akashindwa kuzigusa. Kila alipoinua kifuniko alikirudisha. Msiba haujaisha vizuri, Gundi akamjia, macho mekundu, akamwomba. "Nipe kaseti zake, dada. Nataka nimtengenezee picha kutokana na mashairi yake." Akampa boksi zima bila kuuliza hata swali moja. Alijua wachoraji wanavyofanya: mtu anasikiliza, anafikiri, anachukua brashi, anachora. Kisha aliona afadhali zikae kwa mjomba mtu kuliko ndani ya nyumba ambamo yeye mwenyewe alikuwa akizipita kwa kunyata kama mwizi.

Basi siku moja yuko kwenye cherehani, akajaribu kumsikia Chiriku akimwita. Ilikuwa desturi yake hiyo, hakumwambia mtu: alipochoka aliacha mguu utulie, akafumba macho, akasikia "Mama!" akaendelea na kazi. Siku hiyo sauti iliyokuja ilikuwa ya binti wa jirani. Akafumbua macho. Akajaribu tena, akapata kidogo, mwishomwisho tu wa lile neno, namna Chiriku alivyolipandisha juu kana kwamba anauliza. Hicho ndicho kilichobaki. Uso alikuwa nao, picha ziko ukutani. Sauti ndiyo iliyokuwa inamtoroka, na hofu iliyomshika ilizidi ya siku ya mazishi. Siku ya mazishi alijua amempoteza mtoto. Hakujua kwamba kuna kumpoteza tena. Kwa hiyo Gundi alipotuma habari kwamba picha imekamilika, kesho yake inachukuliwa kwenda kwenye maonyesho, lakini njoo uione wewe kwanza, dada hakungoja kubembelezwa.

Karakana ilikuwa ghala la zamani la mbao, nyuma ya mafundi wa kuziba pancha. Mlango wa bati uliburuzwa na kupiga kelele, na harufu ikamtangulia kumkaribisha: gundi ya mbao, rangi ya mafuta, na kitu kilichokuwa kinachemka kwenye sufuria nyeusi juu ya jiko. Mwanga uliingia kwenye matundu ya paa. Kila mahali kulikuwa na takataka zilizopangwa kwa heshima, ndivyo alivyoona yeye: trei za mayai kwa trei za mayai, nyaya kwa nyaya, picha za eksirei zimening'inizwa dirishani, vifungo vimejaa kwenye makopo. Vifungo vingine alivitambua. Vilipopotea kibandani alikuwa akimlaumu paka.

"Shikamoo, dada!" Gundi alitokea akijifuta mikono kwenye suruali, furaha imemjaa hadi hajui amketishe wapi. "Siamini! Umekuja kweli? Nikatafute kamba?"

"Marahaba. Acha upuuzi wako, nipe kiti."

Akampa kiti, akampanguzia, dada akakaa ukingoni, mfuko mapajani. Macho yake yalikuwa yanatafuta boksi la viatu. Alikwishaamua: ataisifu hiyo picha hata ikiwa mbaya namna gani, kisha atachukua kaseti zake, aondoke, ajifungie ndani, asikilize zote. Sasa alikuwa tayari. Hofu ya kusahau ilikuwa imeifukuza hofu ya kusikia.

Gundi, masikini, alikuwa amengoja miaka mingi kumtembeza dada yake mahali hapa, na hakuwa tayari kuruka hata picha moja. Akamsimamisha mbele ya gunia kubwa lenye soli za viatu zilizopasuka. "Huyu ni dereva mstaafu wa malori. Alitunga shairi kuhusu viatu vyake. Nikamwambia, leta shairi na viatu vyenyewe."

"Akarudi kwake pekupeku?"

"Nilimpa ndala zangu."

Dada akacheka, na akajishangaa, maana alikuwa hajacheka siku nyingi. Wakaenda kwenye picha nyingine, ya muuguzi, imepakwa kitu cheupe kizito, ndani yake mabaki ya bandeji na sindano zisizo na ncha. Ilimgusa, lazima tuseme. Ilikuwa kama chumba ambacho mtu ametolewa sasa hivi. Akasogea. "Na shairi lenyewe liko wapi? Sioni maandishi."

"Limo humohumo. Nililichana, nikaliloweka, nikalipika na gundi mpaka likawa kama tope, halafu nikapaka. Ndiyo kazi yangu hiyo, dada. Wengine wanachora kuhusu shairi. Kwangu mimi shairi ndilo linalokuwa rangi."

"Na akitaka kulisoma?"

"Ana nakala yake nyumbani. Wote wanajua. Hakuna aliyewahi kuniletea kitu bila kubaki na nakala."

Maneno hayo yakampita dada kushoto, yeye anachungulia chini ya meza. Angeyadaka hapohapo, pengine angeomba maji ya kunywa kabla ya lile lililofuata. Hakuyadaka. Aliona boksi la viatu, lile lile, chini ya meza ya mbali, na roho ikamtulia.

"Haya, nionyeshe ya mwanangu," akasema.

Picha ilikuwa imefunikwa shuka, inafika karibu na paa. Gundi alishika pembe ya shuka, akavuta.

Dada akasahau alilolijia. Alikuwa ni Chiriku. Hakuwa amechorwa uso. Uso uligeukia dirisha, ilionekana shavu tu na shingo na lile bega moja lililokuwa limelegea mwishoni. Lakini nywele! Nywele zilishuka nyeusi, zenye wekundu wa mbali, zinang'aa, zimesukwa na kufumwa juu ya mto na shuka na sakafu mpaka zikawa ndicho chumba kizima, na upepo ulipopenya matunduni kishungi kimoja karibu na sikio kilicheza chenyewe. Mama mtu akaweka mkono kifuani. Miaka yote ile alikuwa anamcheka mtu huyu.

"Gundi," akasema mwishowe. "Mdogo wangu. Nisamehe."

Gundi akaanza kulia palepale, bila aibu.

Dada akasogea, kwa sababu fundi ni fundi, hawezi kuona mfumo asiushike. Akapitisha kidole. Haikuwa hariri. Haikuwa nailoni. Ilikuwa bapa, nyembamba, laini upande mmoja. "Huu ni uzi gani?"

"Si uzi." Gundi alijifuta pua, akatabasamu kwa fahari. "Ni yeye mwenyewe. Utepe wa zile kaseti. Nimetumia zote, dada, sikubakiza hata moja. Kila alichosema kimo humu."

Nje fundi pancha alikuwa anagonga rimu. Akagonga, akagonga, akaacha.

"Zote," dada akasema.

"Zote."

Alikwenda mezani, akavuta boksi, akafungua. Kaseti zilikuwemo, zimepangwa vizuri, na kila moja ilikuwa tupu, unaona upande wa pili. Akazichukua mojamoja na kuzitazama kwenye mwanga. Alifanya hivyo mpaka ya mwisho.

"Nataka kumsikia," akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya kawaida kabisa. "Ndicho nilichokuja kufanya. Nimeanza kumsahau sauti. Nimebaki na kidogo sana, mwisho tu wa neno, na hicho nacho kinaondoka. Nimekuja na redio."

Gundi alimtazama, akautazama mfuko, na hapo ndipo alipoelewa. "Hukunakili?"

"Nani anakili? Mimi? Kwa nini?"

"Kwa sababu ndivyo ninavyofanya kazi! Kila mtu anajua! Nilidhani..."

"Mimi nitajua wapi? Mimi nimewahi kufika hapa?"

Kosa lilikuwa la wote wawili. Yeye hakuwahi kufika, na Gundi, aliyekuwa mwepesi wa kumweleza kazi yake mpita njia, hakuwahi kumweleza dada yake kwa kuogopa kuchekwa.

"Basi niambie wewe," dada akasema, na sasa sauti ikaanza kumpanda. "Wewe ulizisikiliza. Niambie alisema nini. Hata mstari mmoja. Ulizisikiliza, si ndiyo?"

Gundi akajikunyata kwenye ukuta. "Nilianza ya kwanza. Akakohoa. Akasema, 'Mjomba, kama ni wewe unayesikiliza, usilie.' Nikazima. Sikuweza, dada. Nikasema nitazishika kwa mikono tu, mikono yangu itaelewa."

Kwa hiyo hakuna. Mtoto alisema miezi na miezi, kwa kiwiko, kwa pumzi ya kuhesabu, na duniani hapakuwa na sikio hata moja lililosikia alichosema. Mama alingoja yakamilike. Mjomba aliyageuza nywele. Wote walimpenda, hilo ndilo la kuudhi katika habari hii nzima, walimpenda kweli.

Dada alichukua mkasi mezani.

"Dada, hapana." Gundi alijitupa mbele ya picha, mikono imetanda. "Wanakuja kesho. Ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya, na sitafanya nyingine kama hii. Na ni yeye, mwone, ni yeye!"

"Toka hapo."

"Utamharibu."

"Mimi?" Akasema neno hilo tu. Gundi aliteremsha mikono. Akaenda kwenye droo, akarudi na wembe mpya, na akaanza kufumua yeye mwenyewe, pembeni kwa chini, ambako alijua alianzia.

Walifanya kazi bega kwa bega. Dada alifumua kwa ustadi, maisha yake yote alikuwa anafumua mishono ya watu. Lakini gundi ilikuwa imeingia, na juu yake vanishi, na pale utepe ulipokubali kubanduka, wekundu wake ulibaki kwenye gunia, mkononi ukabaki plastiki tupu inayoonekana upande wa pili. "Sauti iko kwenye ule unga mwekundu," Gundi akasema, "ukitoka ule unga, hakuna kitu." Wakajaribu mahali pengine. Wakajaribu kwenye mto, wakajaribu kwenye shingo. Vipande vikakatika kama nyasi kavu. Sakafu ikajaa. Upande mmoja wa kichwa cha Chiriku ukawa upara, na gunia likaonekana.

Ndipo dada akakumbuka kile kishungi kilichokuwa kinacheza na upepo.

"Hiki hukukigandisha."

"Dada, hicho hapana."

"Kina gundi?"

"Hakina. Lakini nilikishikilia juu ya mvuke wa birika, nikakivuta kwa nguvu ili kijikunje. Nilikivuta sana. Utepe ukivutwa, sauti inaharibika, haitakuwa yake tena." Alimshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu utotoni. "Nisikilize, nakuomba. Si umesema unayo kidogo kichwani? Mwisho wa neno? Basi kaa na hiyo. Hiyo ni yake. Hapa hujui utapata nini."

Na hapo, ndugu msomaji, dada alikuwa na nafasi ya kuondoka. Alifikiri, sitamsingizia kwamba hakufikiri. Alitazama kile kishungi, akafumba macho, akajaribu kuitafuta sauti, na kile kimwisho cha neno kikaja, dhaifu, kikafifia kabla hajakishika.

"Inaondoka hata nikikaa nayo," akasema. "Unganisha."

Gundi alikikata kishungi, akafungua kaseti moja kwa bisibisi ndogo. Alinyoosha kipande kirefu kuliko vyote kwa vidole, akakiunga kwa selotepu kwenye mikia miwili ya utepe iliyobaki kwenye vigurudumu vya ndani, akafunga, akaingiza kalamu kwenye tundu, akakizungusha polepole mpaka kikakaza. Dada alitia betri kwenye redio. Wakakaa sakafuni kati ya zile nywele zilizokatika, redio katikati yao.

Akabonyeza.

Kwanza ilikuwa kelele, kama mafuta yanayochemka. Kisha ikapanda mlio, ukashuka. Kisha mtu akasema. Ilikuwa sauti nzito, inayojikokota, sauti ya mzee mlevi anayezungumza ndani ya pipa, na neno lilikuwa refu hivi kwamba walilielewa lilipokwisha.

"Maaamaaa," sauti ikasema, na mwishoni, pale ilipotakiwa kupanda juu, ikazama. Baada yake likaja nusu ya neno jingine, kisha selotepu ikapita kwa kishindo, na redio ikanyamaza.

Hawakujua kama ulikuwa mwanzo wa shairi, au alikuwa anaita tu amletee maji.

"Ni yeye?" dada akauliza.

"Ni yeye," Gundi akasema, huku anatazama sakafu.

"Sikumtambua. Sikumtambua mwanangu."

Picha ilichukuliwa kesho yake vilevile, na upara wake, na nasikia watu walisimama mbele yake kwa muda mrefu na kusema pale palipopasuliwa ndipo penye nguvu zaidi. Wana maneno watu. Gundi hakwenda. Dada alifungua kibanda chake, akashona vifungo vya watu waliokuwa wamechoka kungoja, akawaomba radhi, wakamsamehe. Jioni mguu ukatulia, akafumba macho kama ilivyokuwa desturi yake, akamwita binti yake amwite. Hakungoja sana. Ilikuja upesi, safi, kubwa, haikuhitaji kutafutwa wala haikufifia: ile ya mzee ndani ya pipa. Alijaribu kuisukuma aone kama ile nyingine iko nyuma yake. Akajaribu kesho yake, na keshokutwa, na hata leo ukipita utamwona amefumba macho juu ya nguo. Chiriku anamwita mama yake kila siku sasa, na kwa sauti ile.